Shalom Wawili wa Darasa Moja

Mwalimu wa shule ya msingi hukutana na jina la mtoto kabla ya kukutana na mtoto mwenyewe. Januari inapoanza unapewa orodha, unachukua rula, unapiga mistari ya daftari la mahudhurio, kisha unapanga wavulana upande wao na wasichana upande wao, kwa kuwa kila asubuhi utatakiwa ujumlishe wangapi wa huku na wangapi wa kule. Hadija huna haja ya kumuuliza mtu. Ramadhani vilevile. Emmanueli, Agatha, Mwanaidi, Kibwana, kalamu inakwenda yenyewe. Halafu unafika kwa Shalom, kalamu inasimama.

Nimefundisha Morogoro Mjini hadi nikastaafu, na hakuna jina lililonisimamishia kalamu kama hilo. Si kwamba majina ya watu wote tulikuwa hatuna. Bahati, Furaha, Zawadi, Riziki, Amani, Tumaini, Nuru: mvulana analo, msichana analo, na hakuna anayeshangaa. Lakini hayo ni maneno yetu ya kila siku. Shalom lilikuja na uzito wa Maandiko, likapokewa kwa heshima ya mgeni, na watu wakataka kujua kama ni la kike au la kiume. Nimeulizwa hivyo na wajawazito kwenye foleni ya kliniki, na mashemeji, hata na karani aliyekuwa ameshika fomu mkononi. Jibu fupi, kwamba ni la wote, ni la kweli, ila halimsaidii mtoto. La kumsaidia ni refu kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Mgeta, juu milimani, wa rika ambalo neno la mwisho kuhusu jina lilikuwa la padri. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Morogoro mwaka 1882, na baadaye Ukatoliki ukapanda Uluguru hadi Matombo na kwetu Mgeta. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwaagiza maparoko wahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Mzazi akishikilia la kwake, padri aongeze la mtakatifu, na yote mawili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Ndiyo maana rika letu limejaa akina Pius, Melkiori, Skolastika na Perpetua. Mtakatifu ni mtu aliyeishi, mwanamume au mwanamke, na jina lake hubeba jinsi yake. Nyumbani tuliitwa majina mengine kabisa, ya bibi na babu, lakini hayo yaliishia mlangoni pa shule.

Sheria mpya za mwaka 1983 zililegeza: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Walokole, ambao hawakuwa na kalenda ya watakatifu, walikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1990, mikutano ya injili ilipokuwa ikijaza viwanja, mhubiri alipaza sauti, "Shalom!" na umati ukaitikia, "Shalom!" Wazazi waliorudi nyumbani na neno hilo masikioni wakawapa watoto wao. Ikawa kichekesho cha mtaani: mama wa Mji Mpya anamwita mwanawe aje achukue hela ya mkaa, "Shalom!", na mpita njia aliyebeba Biblia anaitikia kwa furaha, "Shalom, mtumishi!"

Lakini jina hilo lilipofika Morogoro lilikuta ndugu zake wamekwisha kujenga. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na shalom ya kwanza ndiyo salaam ya pili. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita hapa, Uislamu ukapita nayo, na akina Salum, Salima, Salama na Selemani wakawa watoto wa nyumbani. Salum Abdallah, aliyeanzisha Cuban Marimba, ndiye aliyeufanya mji huu usikike kwa muziki. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyekuja baada yake, alibeba jina lenye mzizi mmoja na Baruku wa Biblia. Ukipanda basi Msamvu kuelekea mashariki, kabla hujamaliza kilomita 200 unashuka Dar es Salaam, na mzizi ni uleule wa shalom. Katika familia yetu, kama zilivyo nyingi za Kiluguru, msikiti na kanisa hukaa mkeka mmoja. Mjomba wetu mkubwa, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, aliitwa Salum. Alipoletewa mjukuu aliyebatizwa Shalom, alimpakata, akacheka na kusema, "Huyu wajina wangu. Mmemwandika kwa herufi za kanisani tu."

Ndani ya Biblia pia mzizi huo haukuchagua jinsi. Sulemani anao, na Salome aliyekwenda kaburini asubuhi ya ufufuko anao. Linalonipendeza zaidi ni Shelomithi, kwa kuwa limetumika pande zote mbili. Katika Mambo ya Walawi ni binti Dibri. Katika Mambo ya Nyakati yumo binti Zerubabeli. Na humohumo, na katika Ezra pia, wamo wanaume wenye jina hilohilo. Kwa Wayahudi wa baadaye Shalom lenyewe lilikaa zaidi kwa wanaume, kama Shalom Shabazi, mshairi mashuhuri wa Wayahudi wa Yemen wa karne ya 17. Wanawake nao wapo: Shalom Harlow, mwanamitindo wa Kanada, ni mmoja wao. Kiebrania, hata hivyo, humtaka msemaji aamue. Kumjulia mtu hali hutumika neno hilohilo la shalom, nalo huishia kwa sauti moja akiulizwa mwanamume na kwa sauti nyingine akiulizwa mwanamke. Sisi tunauliza "hujambo" na yeyote ataitikia. Tukisema "anakuja", hatujasema ni mume au mke. Hivyo jina hili lilipata nafasi pana kwetu, kwa kuwa lugha yetu haikulilazimisha kuchagua.

Wala mji huu haukuanza na Shalom kuzoea jina lisilochagua jinsi. Msafiri Stanley alipopita hapa mwaka 1871 alikuta mji wenye kuta, uliojengwa na Kisabengo, ukitawaliwa na binti yake, na mji na mtawala wote wakiitwa Simbamwene. Jina la simba, na mwenye nalo mwanamke.

Kwa hiyo jina halina shida. Shida niliiona kwa watu wazima, mwaka niliokuwa na Shalom wawili katika darasa moja, msichana na mvulana. Wenzao waliwatofautisha upesi, wakawaita Shalom Dada na Shalom Kaka.

Shalom Dada alikuwa na mdomo. Sisemi kwa ubaya: alikuwa mtoto asiyeweza kuona mwenzake anaonewa akanyamaza. Kuna siku wavulana wa madarasa ya juu waliwazuia wadogo wasichote maji bombani. Aliingia katikati yao akapiga kelele mpaka walimu wakatoka ofisini, foleni ikanyooka, wadogo wakanywa maji. Mchana ofisini hakuna aliyezungumzia foleni. Mazungumzo yalikuwa juu ya kelele. "Anaitwa Shalom huyo?" mmoja akasema. "Wangemwita Vita." Na kila alipoinua sauti, palikuwa na mtu mzima wa kumrudishia jina lake usoni: Shalom, amani iko wapi? Jina zuri hivyo, tabia hii umeitoa wapi?

Shalom Kaka alikuwa mpole kupita kiasi. Alipigana kwa nadra, ila akipigana ilikuwa kwa hasira ya kutisha, mpaka ashikwe na watu wawili. Siku hizo hakuna aliyemkumbusha maana ya jina lake. Walisema mtoto wa kiume lazima ajitetee. Akirudi kwenye ukimya wake walisema jina limemkaa, na wakamfanya kiranja, kwamba atawapatanisha wenzake. Jina lilikuwa moja na darasa lilikuwa moja. Msichana alidaiwa amani kwa maana ya kunyamaza. Mvulana alipewa amani kama cheo, na alipoivunja alisamehewa.

Mama wa Shalom Kaka alibaki siku moja baada ya kikao cha wazazi, wenzake walipokwisha kuondoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Shalom. Karibu ukae."

"Mwanangu darasani anasemaje?"

"Hasemi, mama."

Akafungua kitenge alichojifunga, akakifunga upya. "Nyumbani ndiye msemaji wetu. Nilipokuwa na mimba yake mimi na baba yake tulikuwa tumeshatengana. Alipozaliwa tukarudiana, ndiyo tukamwita hivyo. Sasa tukikorofishana hatuongei, tunamtuma yeye. Shalom, mwambie baba yako chakula tayari. Shalom, mwambie mama yako sijasikia."

Sikuwa na la kumfundisha mama yule, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulisema mwenyewe. Nilimwambia tu kwamba mtoto amechoka.

Habari za jina la Shalom Dada nilizipata kwa bibi yake, muuza ndizi na viungo kutoka Matombo ambaye nilikuwa namkuta sokoni Mawenzi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo, na ardhi ya jadi ni ya lukolo. Ukoo wao ulikuwa umepasuka kwa sababu ya shamba moja la ndizi, hadi ndugu wa tumbo moja wakawa hawazikani. Waliketi, wakaelewana, na siku hizohizo mtoto akazaliwa.

"Kwa hiyo mkampa jina ili atulie?" nikamtania.

"Atulie kwa kosa gani, mwalimu?" akajibu huku akinipimia iliki. "Tulimpa ili kila tukimwita tukumbuke tuliyoyaapa. Wa kutulia ni sisi."

Bibi yule hakusoma Kiebrania, lakini mchungaji mmoja aliyesomea lugha za Biblia aliponieleza baadaye mzizi wa neno hilo, niliona bibi alikuwa amekwisha kufika. Mzizi wa shalom, alisema, si kimya. Ni ukamilifu, hali ya kitu kisichopungua. Ndiyo maana Kiebrania huchukua kitenzi cha kulipa kutoka mzizi huohuo, kwa kuwa anayelipa anakijaza kilichopungua. Katika Kutoka, sheria inamtaka aliyeiba ng'ombe na kumchinja au kumuuza alipe ng'ombe 5 kwa yule mmoja, na kitenzi cha kulipa pale ni cha mzizi wa shalom. Hadi leo mteja wa mgahawani Tel Aviv akiitisha hesabu, atasema anataka kulipa kwa kitenzi hicho.

Nimelitazama jina hilo kwa jicho hilo tangu siku ile. Anayemwita mtoto Shalom ameandika deni, na mdaiwa ni yeye aliyeandika. Bibi wa Matombo alijua kwamba deni ni la ukoo, mtoto ni shahidi tu. Wazazi wa Shalom Kaka waliandika deni lao kwa jina la mtoto, kisha wakamdai. Walimu waliomzomea Shalom Dada walimdai amani ya aina moja, ile inayowapumzisha wakubwa, ilhali siku ya bombani yeye ndiye aliyekuwa ameilipa: kilichopungua kilikuwa maji ya wadogo, na baada ya kelele zake hakikupungua tena. Amani ya Kiebrania inaweza kuwa na kelele nyingi, ikiwa kelele hizo zinamrudishia mtu haki yake.

Hapa ndipo ninapoona faida ya kuzipa jinsi zote mbili jina moja. Laiti wasichana tungewaita Shalom na wavulana tungewaita jina jingine, nisingeuona upendeleo huo kwa macho. Tungesema ni tabia za majina. Kwa kuwa jina lilikuwa lilelile, kilichobaki cha kulaumiwa ni sisi tunaolitamka. Mzazi mwenye binti Shalom na mwalimu mwenye mwanafunzi Shalom ajiulize: neno hili ninalomwambia huyu, ningemwambia kaka yake?

Liko pia suala la makaratasi, na si dogo. Mtanzania huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Ukiyatazama, mawili kati ya hayo ni ya wanaume hata kama mwenyewe ni mwanamke, hivyo jinsi ya mtu hubebwa na jina la kwanza peke yake. Kwetu Waluguru inachekesha zaidi: mtoto ni wa lukolo la mama, na katika majina yake matatu hakuna hata moja la upande huo. Jina la kwanza likiwa Shalom, matatu yote yananyamaza, na kinachobaki ni kisanduku cha jinsi, ME au KE, herufi moja tu ya tofauti.

Niliiona herufi hiyo ikifanya kazi yake. Hapa Morogoro Mzumbe Sekondari ni ya wavulana na Kilakala ni ya wasichana, na kila mwaka watoto wetu waliofaulu husubiri kwa hamu kujua wamepangiwa wapi, hapa au mkoa mwingine. Mwanafunzi wetu mmoja, Shalom wa kike, alifaulu vizuri, na majina yalipotoka akawa amepangiwa shule ya bweni ya wavulana mbali na hapa. Mahali fulani kati ya fomu na kompyuta KE ilikuwa imegeuka ME, na katika majina yake matatu hapakuwa na kitu cha kumshtua msomaji. Mama yake alizunguka na cheti cha kuzaliwa na barua ya mwalimu mkuu, ofisi hadi ofisi, wenzake wakiwa wamekwisha kuanza masomo. Alipata nafasi mwishowe. Tangu hapo nilikuwa nawaambia wazazi: mtoto wa jina kama hili, kila karatasi inayotoka msome kisanduku cha jinsi kabla hamjasoma jina. Mwanzo ni cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwa sababu karatasi nyingine zote zitanakili kutoka hapo, hadi kitambulisho cha taifa. Anayependa kuongeza jina la pili la ubatizo aongeze mapema, nalo liandikwe kwenye cheti. Jina linalojulikana kanisani tu halitamsaidia mtoto mbele ya karani.

Shalom Dada alipomaliza kidato cha nne alikwenda VETA Kihonda kusomea umeme, na leo anafunga nyaya katika nyumba mpya zinazoota huko Kihonda na Mkundi. Wateja hupewa namba yake na fundi mwashi, wanampigia wakitarajia kaka, kisha wanafungua geti wanakuta dada na ngazi begani. Wapo wanaoguna. Wengi, ameniambia, huwa wamekwisha kukubaliana bei kwenye simu na wanaona haya kuirudisha nyuma. Mdomo wake bado upo, na anautumia kwa wanaochelewesha malipo ya vibarua wake.

Shalom Kaka wazazi wake waliachana kabisa alipokuwa darasa la sita. Watu walisikitika, wakasema jina halikufanya kazi. Mimi niliyekuwa namwona kila siku niliona kijana yule akianza kuzungumza. Baba alihamia upande mwingine wa mji, mama akabaki, na ujumbe ukaacha kupita kwa mtoto. Alizoea kwenda kwa baba yake Jumamosi na kurudi akisimulia mpira. Ukiranja aliurudisha mwenyewe, kwa adabu, akisema hapendi kusuluhisha ugomvi. Mwalimu mkuu alishangaa. Mimi sikushangaa.

Hivi karibuni mjukuu wa kaka yangu amempata mtoto wake wa kwanza, na yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kuchagua Shalom kabla hawajajua ni wa kike au wa kiume. Waliponijia kutaka baraka za jina, niliwapa, maana ni jina zuri, lina ndugu pande zote za familia yetu. Kisha nikawaambia wanangu, msimkumbushe mtoto maana ya jina lake anapolia, wala anapodai, wala anapokasirika. Mkumbushaneni nyinyi. Kama mna deni na mtu, iwe ni kiwanja, mahari au neno baya lililosemwa msibani, lipeni sasa, kabla hajajifunza kuitika. Na siku mkigombana, itaneni kwa majina yenu wenyewe.